Kidingapopo: Kwa Nini Humwua Huyu Kikamwacha Yule

Katika kamusi za zamani za lugha yetu limo neno ambalo vijana wengi wa leo hawalijui, nalo ni kidingapopo. Maana yake ni ile homa ya kuvunja viungo ambayo siku hizi huitwa homa ya dengi. Mwaka 2014 homa hiyo ilipoenea Dar es Salaam, magazeti na redio vilitaabika na jina la kigeni, huyu akilitamka hivi na yule vile, kana kwamba maradhi yenyewe yameteremka juzi tu melini; kumbe jina lake lilikuwa rafuni mwetu tangu zama za babu zetu. Mimi ni mwalimu wa lugha, si tabibu, na nilianza kulifuatia jambo hili kwa ajili ya neno. Nami niliugua katika mwaka huo, na katika siku za kupona, nikiwa sina nguvu hata ya kusahihisha kazi za wanafunzi, nilifungua vitabu kutafuta asili ya jina la kitu kilichonilaza. Neno likanishika mkono, likanifikisha Kuba, kisiwa nisichopata kukiona kwa macho, na kwenye swali ambalo sikulitazamia: kwa nini mimi nilipona kwa siku nane, ilhali wengine wa mji ule ule, walioumwa na mbu wa namna ile ile, hawakupona?

Jina kwanza. Tabibu aitwaye James Christie alikuwako Unguja wakati ugonjwa ulipoingia mjini mwezi wa Julai 1870. Ukadumu mpaka Januari 1871. Mwaka 1872 alichapisha habari zake katika jarida la matabibu wa Uingereza, akauita kwa jina alilolisikia kwa wenyeji, kidinga pepo, maana yake, kwa jinsi alivyoelezwa, kushikwa ghafula na mkazo wa viungo uletwao na pepo. Alipata habari pia ya kuwa ugonjwa kama huo ulikwisha kupita kisiwani zamani, katika mwaka 1823. Baadaye, mwaka 1881, alitoa hoja kuwa jina hili lilivuka bahari pamoja na watu waliouzwa utumwani, likazuka katika visiwa vya Karibi mwaka 1827 na 1828. Katika kisiwa cha St. Thomas watu waliligeuza likawa neno la Kiingereza la kumtaja mtanashati mwenye madaha. Na Wahispania wa Kuba wakalifananisha na neno lao dengue, lenye maana ya maringo na kujishaua, kwa sababu mgonjwa aliyekazana mgongo na magoti hutembea kama mtu anayejiona. Hivyo neno lilitoka kwetu likiwa na pepo, likarudi kwetu likiwa na maringo, nasi tukalipokea kama mgeni.

Vitabu vingi vya ng'ambo huliandika "ka dinga pepo", jambo linalomkera mwalimu wa sarufi, kwa kuwa kiambishi "ka" si cha Kiunguja, na Christie mwenyewe katika makala yake ya 1872 aliandika "kidinga". Ama kugeuka kwa pepo kuwa popo, mimi huona ni kazi ya ndimi za watu tu, pengine waliomtazama mgonjwa aliyejikunyata kitandani wakamfananisha na mnyama yule akunjaye mbawa zake mchana.

Hata hivyo haifai kulishikilia jina kupita kiasi. Mwaka 1971 mtaalamu Donald Carey alichambua maandishi ya zamani akaonyesha ya kuwa ugonjwa wa 1823 na wa 1870 unafanana zaidi na chikungunya kuliko na dengi. Chikungunya nayo ni neno la kwetu, la Kimakonde, lenye maana ya kukunjika. Lilipata kuandikwa katika vitabu vya utabibu baada ya mlipuko wa 1952 na 1953 katika uwanda wa juu wa Makonde, kusini mwa Tanganyika, ambao habari zake zilitolewa na Marion Robinson na W. H. R. Lumsden mwaka 1955. Basi yamkini jina letu lilipewa ugonjwa mmoja, kisha likavikwa ugonjwa mwingine. Si ajabu, kwa maana magonjwa haya mawili huletwa na mbu mmoja, yule mwenye madoadoa meupe aumaye mchana, nayo huanza kwa homa moja na maumivu mamoja. Walakini yanaachana katika jambo kubwa. Chikungunya hukunja viungo kwa miezi lakini ni nadra kuua. Na mtu akiisha kuumwa nayo mara moja, aghalabu hairudi tena. Dengi hurudi. Na ikirudi, humkuta mtu akiwa si yule yule.

Kwa muda mrefu matabibu hawakuiogopa dengi. Waliijua kuwa homa ya taabu kubwa na hatari ndogo, na askari na mabaharia waliizoea kama adha ya nchi za joto. Kulikuwa na onyo moja ambalo halikueleweka wakati wake: Ugiriki, katika mwaka 1927 na 1928, watu wapatao milioni moja waliugua, na zaidi ya elfu moja walikufa, wengine wakitokwa na damu. Ugiriki ikasahauliwa. Kisha Manila mwaka 1954, na Bangkok mwaka 1958, hospitali zilianza kupokea watoto wenye ugonjwa ambao madaktari hawakuwahi kuupa jina. Mtoto alikuwa na homa kali siku tatu au nne. Homa ikashuka, na mama akashukuru. Saa chache baadaye mikono na miguu ya mtoto ilikuwa baridi, tumbo linauma, ngozi ina vidoa vya damu, mapigo ya moyo ni mepesi hata hayashikiki kwa kidole. Na pengine kabla ya kucha alikuwa amekwisha kufa. Jambo hili la hatari kuja wakati homa inapoondoka limewahadaa wazazi wengi na linawahadaa hata leo. Wakati ule mishipa midogo ya damu huvuja, maji ya damu yakatoka yakaacha damu nzito isiyoenda. Madaktari wa Asia walijifunza polepole ya kuwa mgonjwa huyu hana dawa ya kuua virusi, ila akipewa maji kwa kipimo katika saa zile zile, huokoka. Na mahali wanapolijua hilo vizuri, katika wagonjwa mia wa homa kali hafi hata mmoja.

Lakini kwa nini wale, na si wote? Mtaa mzima uliumwa, watoto wengi hawakujua hata kuwa wameugua, wengine walilala wiki moja wakainuka, na wachache wakafa. Jibu la kwanza ambalo mtu angelifikiri ni kuwa virusi vya Bangkok vilikuwa vikali kuliko vya mahali pengine. Baadhi ya wataalamu walifikiri hivyo, na hata leo hakuna anayekataa ya kuwa koo za virusi hutofautiana kwa ukali. Walakini jibu hilo halikutosha, kwa sababu virusi vile vile vilikuwa vikiingia katika nyumba mbili jirani na kutenda mambo mawili.

Hapa inatupasa kurudi nyuma kidogo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Albert Sabin, ambaye baadaye alipata sifa kwa chanjo ya polio, alichunguza homa hii kwa ajili ya jeshi la Marekani, akatambua ya kuwa dengi si moja. Aligundua aina mbili. Mtu aliyepona aina moja alikingika nayo kwa muda mrefu, lakini kinga yake juu ya aina ya pili ilikwisha baada ya miezi michache. Baadaye William Hammon na wenzake walipata aina ya tatu na ya nne kutokana na wagonjwa wa Manila wa mwaka 1956. Dengi basi ni ndugu wanne waliofanana sura, na mtu aweza kuugua mara nne katika maisha yake.

Scott Halstead, daktari wa jeshi la Marekani aliyefanya kazi Bangkok miaka ya mwanzo ya 1960, aliwatazama watoto wale akaona jambo ambalo lingeweza kuchekwa. Karibu watoto wote waliopata homa kali ya kutoka damu walikuwa na alama katika damu zao za kuwa walikwisha kupata dengi mara moja kabla. Wageni weupe waliokaa Bangkok, ambao hawakuwahi kuipata, waliugua homa ya kawaida tu. Kwa hiyo aliyezaliwa katika nchi ya ugonjwa, ambaye kwa desturi ya magonjwa mengine angetarajiwa kuwa mzoefu, ndiye aliyekuwa hatarini. Lakini palikuwa na kundi moja lililovunja kanuni: watoto wachanga wasiotimiza mwaka mmoja, ambao walikuwa wanaugua kwa mara ya kwanza, nao pia walikufa. Mtafiti mvivu angeliwaacha pembeni. Halstead aliuliza habari za mama zao, akakuta mama hao walikuwa na kinga ya dengi. Mtoto alikuwa amepokea kumbukumbu ya mama kupitia damu ya kondo, na kumbukumbu hiyo, iliyomlinda katika miezi ya kwanza, ilipopungua ikamgeuka.

Namna inavyotenda ilianza kuonekana katika maabara. Mwaka 1964 Royle Hawkes wa Australia alionyesha ya kuwa virusi vya jamii hii, vikichanganywa na kingamwili kidogo, huzaa zaidi badala ya kufa. Na katika miaka ya 1970 Halstead na wenzake walionyesha hivyo kwa dengi katika chembe nyeupe za damu. Kingamwili ni walinzi ambao mwili huwaunda baada ya ugonjwa. Humshika adui, na chembe nyeupe huja kummeza aliyeshikwa. Walinzi waliofundishwa kwa aina ya kwanza huishika pia aina ya pili, kwa kuwa sura zinafanana, lakini hawaishiki mahali pa kuiua. Chembe nyeupe huimeza ikiwa hai. Nayo chembe ile ndiyo hasa nyumba ambayo virusi vinaitafuta kuzaliana. Ni kama mwizi aliyeshikwa mkono na bawabu, akaingizwa ndani kwa heshima. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hapa mwili umeumwa na nyoka mmoja, na sasa ameingia nyoka mwingine, lakini mwili unamtambua kwa jina la yule wa kwanza.

Hoja hii ilipingwa sana, tena kwa haki, maana katika miji ya Asia aina zote nne huzunguka pamoja kila mwaka, na huwezi kujua nani aliumwa lini na kwa aina ipi. Palihitajika mahali ambapo ugonjwa umeingia kwa tarehe, ukatoka kwa tarehe. Mahali hapo ndipo Kuba.

Tangu wakati wa Vita Kuu ya Pili dengi ilikuwa haijaonekana Kuba kwa wingi, hata vijana wa huko walikua bila kuijua. Mwaka 1977 ikaingia aina ya kwanza. Ilienea kisiwa chote mpaka 1979, na uchunguzi wa damu ulionyesha kuwa karibu watu 45 katika kila 100 wa mijini walipatwa nayo. Watu waliumwa viungo, wakapumzika, wakarudi kazini. Hakuna aliyeona kuwa jambo kubwa limetendeka. Na kwa kweli lilikuwa limetendeka, kwa sababu karibu nusu ya watu wa mijini sasa walikuwa na walinzi wenye elimu ya nusu.

Mwezi wa Mei 1981 ikaingia aina ya pili. Watoto walianza kutapika damu. Ugonjwa ulipofika kileleni, zaidi ya wagonjwa 11,000 waliandikishwa katika siku moja. Mpaka ulipokoma mwezi wa Oktoba waliandikishwa wagonjwa 344,203. Kati yao 10,312 walipata ugonjwa mkali, na 158 walikufa, na katika hao 101 walikuwa watoto. Fidel Castro aliishuku Marekani hadharani kuwa ndiyo iliyouleta ugonjwa, na Marekani ilikana. Mzozo huo una wanahistoria wake, nami nitaupita. Kinachonivuta ni kazi ya madaktari wa kisiwa chenyewe, hasa Gustavo Kourí na María Guadalupe Guzmán wa Taasisi ya Pedro Kourí, Havana, ambao katikati ya msiba walihifadhi damu na kuandika umri, rangi, na magonjwa ya zamani ya wagonjwa wao. Bila daftari hizo dunia isingalijua mengi.

Walikuta ya kuwa karibu wote waliougua vikali walikuwa wameumwa mara ya pili. Watoto wa mwaka mmoja hivi, waliozaliwa baada ya aina ya kwanza kutoweka na walioishiwa na kinga ya mama, hawakuguswa sana na ukali. Bali wachanga wa chini ya hapo, waliokuwa bado na kumbukumbu ya mama, na wakubwa wa juu ya hapo, waliokuwa na kumbukumbu yao wenyewe, ndio walioangukiwa. Umri nao ulikuwa na neno lake: mtoto wa miaka mitatu au minne aliyeumwa mara ya pili alikuwa katika hatari ya kufa takriban mara 15 kuliko mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, kwa kuwa mishipa ya mtoto huvuja upesi zaidi.

Baada ya hapo Kuba iliwapiga vita mbu nyumba kwa nyumba, na kwa muda wa miaka kumi na mitano na zaidi haikuwa na dengi. Kisha mwezi wa Januari 1997, katika mji wa Santiago de Cuba, mashariki ya kisiwa, aina ya pili ikarudi. Wagonjwa 3,012 walithibitishwa, 205 walipata ugonjwa mkali, 12 walikufa. Wote kumi na wawili walikuwa watu wazima. Nilipoisoma habari hii mara ya kwanza niliirudia, maana ni kinyume cha yote yaliyotangulia: ugonjwa uliowaua watoto mwaka 1981 sasa uliwaacha watoto na kuwashika wazazi. Lakini hesabu ya miaka inaeleza yote. Watoto wa Santiago walizaliwa baada ya 1979. Hawakuwa na kumbukumbu yoyote, kwa hiyo waliugua kwa wepesi. Wazazi wao walikuwa wameikumbuka aina ya kwanza kwa miaka ishirini bila kujua.

Na hapa ndipo penye jambo lililonikosesha usingizi. Mtu angefikiri ya kuwa kumbukumbu mbaya hufifia. Guzmán na wenzake walilinganisha watu wazima wa rika moja walioumwa mara ya pili mwaka 1981, miaka minne baada ya mara ya kwanza, na wale wa 1997, miaka ishirini baadaye. Wakakuta hatari ya kufa imeongezeka zaidi ya mara 30. Muda ulikuwa umewapunguza wale walinzi waliofaa kidogo juu ya aina ya pili, ukawabakiza wale wasioweza kuua ila kushika tu. Aina ya tatu ilipoingia Havana mwaka 2001 na 2002 walikuta mfano wa namna hiyo tena: waliokuwa na kumbukumbu ya aina ya kwanza, ya miaka zaidi ya ishirini, ndio walioelemewa. Na mwaka 2017, Leah Katzelnick na wenzake walitangaza uchunguzi wa watoto wa Managua, Nikaragua, uliodumu miaka 12: asiye na kingamwili hana hatari kubwa, mwenye nyingi amekingika, na aliye katikati, mwenye kidogo, ndiye wa kuchungwa.

Siwezi kupita bila kusema juu ya rangi, kwa kuwa ni habari inayosimuliwa kwetu kwa furaha isiyo na tahadhari. Madaktari wa Kuba waliona ya kuwa watu weupe waliugua vikali na kufa zaidi kuliko weusi na machotara, ingawa wote waliumwa na mbu sawasawa. Huko Haiti, Halstead na wenzake walitangaza mwaka 2001 ya kuwa watoto wengi wa Port-au-Prince walikwisha kupatwa na aina mbili au zaidi, lakini homa ya kutoka damu ilikuwa haionekani. Mwaka 2017 wataalamu waliowapima Wakuba walionyesha sehemu za urithi zitokazo Afrika, zinazohusika na namna mwili unavyotumia mafuta, ambazo huwasaidia walio nazo. Basi lipo jambo, nalo ni la kweli. Walakini kinga ya baadhi si kinga ya wote, na weusi wa Kuba pia walikuwamo katika hesabu ya waliokufa. Tena, katika nchi ambamo kila homa huitwa malaria mpaka ithibitike vingine, nani ataihesabu dengi iliyoua? Mwaka ule nilipougua, mtu wa kwanza niliyemwona katika zahanati moja alinipa dawa ya malaria kabla ya kunitoboa kidole. Simlaumu sana, ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo sote tulivyozoea.

Zaidi ya hayo, daftari zile zile za Kuba zinatwambia jambo lisilofurahisha Afrika. Wagonjwa wa pumu, wa kisukari, na wa seli mundu walikuwa wengi katika walioelemewa. Seli mundu ni ugonjwa wa kwetu. Katika Tanzania huzaliwa watoto maelfu kila mwaka wakiwa nao. Kwa hiyo urithi ule ule wa Afrika unaweza kuwa ngao kwa mmoja na mzigo kwa mwingine, hata ndani ya nyumba moja. Ama habari ya chakula, ni ya kushangaza zaidi: Bangkok ilionekana, katika uchunguzi uliotangazwa 1993, ya kuwa watoto waliokonda kwa utapiamlo walipatwa kwa nadra na homa kali kuliko walioshiba, pengine kwa sababu kinga dhaifu haina nguvu ya kumdhuru mwenyewe. Kwingine haikuonekana hivyo sawasawa, nami nisingependa mtu aifanye njaa kuwa dawa.

Elimu hii iliwahi kulipiwa kwa bei kubwa. Mwaka 2016 serikali ya Ufilipino ilianza kuwachanja wanafunzi wa shule, na zaidi ya watoto 800,000 walichanjwa kwa chanjo ya kwanza ya dengi iliyopata kuruhusiwa. Halstead, akiwa mzee, alionya katika mwaka huo huo ya kuwa kwa mtoto ambaye hajapata kuugua, chanjo inaweza kusimama mahali pa ugonjwa wa kwanza, na mbu wa kwanza akawa kama wa pili. Mwishoni mwa Novemba 2017 waliotengeneza chanjo hiyo wenyewe walitangaza ya kuwa haifai kwa asiyewahi kupata dengi. Mpango ukasimamishwa. Wazazi walijaa hofu na hasira, wengi wakazikataa hata chanjo nyingine zisizo na lawama, na mwaka 2019 surua ikalipuka. Yote hayo yalizungukia swali moja, ambalo lingaliweza kuulizwa kwa kila mtoto kabla ya sindano: umewahi kuugua?

Sasa nirudi nilikotokea. Mlipuko wa Dar es Salaam wa 2014 ulikuwa wa aina ya pili. Ule wa 2019 ulikuwa wa aina ya kwanza na ya tatu pamoja, na wagonjwa walioandikishwa walipita elfu kadhaa. Kwa hiyo katika mji mmoja, kwa muda wa miaka mitano, zimepita aina tatu kati ya nne, na maelfu ya watu wanatembea sokoni na kwenye daladala wakiwa na walinzi wenye elimu ya nusu, wengi wao wakidhani ya kuwa waliwahi kuugua malaria tu. Mimi ni mmoja wao, ila mimi najua. Tangu 2014 nahesabu miaka yangu kama walivyohesabiwa watu wa Santiago, na sijafika ishirini.

Mwaka jana nilikwenda kupimwa macho na moyo katika hospitali moja, nikapewa karatasi ya kujaza. Iliniuliza kama nina kisukari, shinikizo la damu, pumu. Kama ninavuta sigara. Dawa gani hunidhuru. Wazazi wangu walikufa kwa nini. Nilijaza yote. Hapakuwa na mstari wa kuuliza homa nilizopata. Nikaandika pembeni, kwa herufi ndogo, "kidingapopo, 2014". Kijana aliyeipokea karatasi alilisoma neno lile mara mbili, akaniuliza kwa adabu, "Shikamoo mwalimu, hiki ni kitu gani?" Nikavuta kiti nikakaa.